Neno na Jirani Zake: Uchambuzi wa Maana za Baadhi ya Maneno Yanayotatanisha Katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maana na matumizi ya baadhi ya maneno ya Kiswahili ambayo huwatatanisha wanafunzi na waandishi wa habari, na wakati mwingine walimu pia. Kila neno linafafanuliwa na kutolewa mifano ya sentensi. Hoja kuu ni kwamba maana ya neno haikamiliki katika fasili ya kamusi pekee, bali hukamilishwa na ngeli, viambishi, mkazo na maneno yanayoandamana na neno hilo. Aidha, makala yanashikilia kwamba makosa ya maana hayalingani kwa uzito. Yapo yanayoudhi sikio tu, na yapo yanayofuta tofauti ambayo jamii inaihitaji ili itendeane haki.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hujifunza msamiati kwa orodha: neno huandikwa upande wa kushoto wa daftari na maana yake upande wa kulia. Njia hii ina manufaa yake, hasa kwa anayeanza. Hata hivyo, humfanya mwanafunzi aamini kwamba kila neno lina maana moja, na kwamba maana hiyo haibadiliki neno linapoingia katika sentensi. Imani hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi yanayopatikana katika insha, katika taarifa za habari na hata katika tasnifu za vyuo vikuu.

Wataalamu wa semantiki walilitambua tatizo hili zamani. J. R. Firth, katika maandishi yake ya mwaka 1957, alisisitiza kwamba neno hutambulikana kwa maneno linalofuatana nayo. Naye Geoffrey Leech, katika kitabu chake cha semantiki cha mwaka 1974, alibainisha aina saba za maana, mojawapo ikiwa ni ile inayotokana na mazoea ya maneno kukaa pamoja. Kwa mtazamo huu, kamusi humfikisha mtumiaji mlangoni pa neno. Kuingia ndani kunahitaji sentensi.

Kwa Kiswahili, jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ni lugha yenye upatanisho wa kisarufi ulio wazi. Neno moja linaweza kubadilika maana pale tu kiambishi cha jirani yake kinapobadilika. Sehemu zinazofuata zinaonyesha namna hilo linavyotokea.

2.0 Umbo moja, maana nyingi

Maneno yenye umbo moja na maana zaidi ya moja huwa ya aina mbili. Katika homonimi, maana hizo hazina uhusiano wowote, na kamusi huyaorodhesha maneno hayo kama vidahizo tofauti. Katika polisemi, maana hizo zina uhusiano, na huwekwa chini ya kidahizo kimoja. Tofauti hii ni muhimu kwa mtunzi wa kamusi. Kwa msomaji, swali kubwa huwa: nitajuaje ni maana ipi inayokusudiwa?

2.1 Ngeli kama ufunguo

Nomino "paa" ni mfano mzuri.

(1) a. Paa huyu ameachwa nyuma na wenzake.
    b. Paa hili linavuja kila mvua inaponyesha.

Katika (1a), "paa" ni mnyama wa porini anayefanana na swala. Katika (1b), ni sehemu ya juu ya nyumba inayozuia jua na mvua. Umbo la nomino halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni "huyu" na "hili". Neno hilo pia ni kitenzi chenye maana ya kwenda juu, na kitenzi kingine chenye maana ya kumwondoa samaki magamba:

(2) a. Ndege ilipaa saa mbili asubuhi.
    b. Mpishi alimpaa samaki kabla ya kumtia chumvi.

Neno "ua" nalo huingia katika ngeli mbili. Katika ngeli ya LI-YA, ni sehemu ya mmea inayochanua, na wingi wake ni "maua". Katika ngeli ya U-ZI, ni kizuizi kilichozungushiwa nyumba au eneo lililo ndani ya kizuizi hicho, na wingi wake ni "nyua". Kama kitenzi, ni kutoa uhai.

(3) a. Ua lile lilinyauka kabla ya jua kutua.
    b. Ua ule umezungushiwa makuti ili wapita njia wasione ndani.
    c. Ukame uliua mifugo wengi.

Mwanafunzi anayesema "ua hii" hakosei kisarufi tu. Amemnyang'anya msikilizaji ufunguo wa pekee aliokuwa nao wa kutambua maana. Hii ndiyo sababu mafunzo ya ngeli yasichukuliwe kuwa mzigo wa sarufi usiohusiana na maana.

Neno "mbuzi" huwashangaza wanafunzi kutoka bara. Wengi wanamjua mnyama anayefugwa kwa ajili ya nyama na maziwa. Pwani, ambako nazi ni kiungo cha kila siku, neno hilo pia ni jina la kibao chenye chuma chenye meno cha kukunia nazi.

(4) a. Mbuzi huyu amezaa mapacha.
    b. Mbuzi hii ni butu. Nazi haikuniki vizuri.

Mgeni anayeambiwa na mwenyeji wake, "Lete mbuzi tukune nazi," huenda akaelekea zizini. Sentensi hiyo haina kivumishi chochote cha kumwongoza. Kinachomwongoza ni kitenzi "kukuna". Hapa jirani anayefichua maana si kiambishi bali ni neno zima.

Mfano wa mwisho katika kifungu hiki ni "kima".

(5) a. Kima wameharibu mahindi yaliyo karibu na msitu.
    b. Sambusa za kima huuzwa ghali kuliko za viazi.
    c. Kima cha chini cha mshahara kiliongezwa kwa asilimia 12.

Katika (5a), "kima" ni mnyama wa jamii ya nyani. Katika (5b), ni nyama iliyosagwa. Katika (5c), ni kiwango au kipimo. Mfano wa tatu unatokana na tangazo la Rais Uhuru Kenyatta katika Siku ya Wafanyakazi, Mei 1, 2022. Mfanyakazi anayesikia tangazo kama hilo redioni anahitaji kuelewa neno hili barabara, kwa kuwa linahusu ujira wake. Upatanisho wa "cha" na "ki-" ndio unaomwambia kwamba habari inahusu kiwango na haihusu mnyama wala nyama.

2.2 Kiambishi cha mtendwa

Vitenzi pia hubadilika maana kutegemea viambishi. Kitenzi "rudi" ni mfano unaostahili kuangaliwa.

(6) a. Mzazi alirudi nyumbani jioni.
    b. Mzazi alimrudi mwanawe kwa kusema uongo.
    c. Shati lilirudi lilipofuliwa kwa maji ya moto.

Sentensi (6a) ina maana inayojulikana na wengi: kwenda tena mahali mtu alikotoka. Katika (6b), kiambishi "-m-" kimeleta maana ya kuadibu au kumwonya mtu aliyekosa. Katika (6c), mtenda ni nguo, na maana ni kupungua ukubwa. Mwanafunzi aliyezoea maana ya kwanza pekee akikutana na (6b) katika riwaya au katika shairi la kale, atadhani kwamba mzazi alimrejea mtoto wake, ilhali mzazi alimwadhibu. Ufahamu wa kisa kizima unaweza kupotoka kwa sababu ya kiambishi kimoja.

2.3 Mkazo

Kwa kawaida mkazo katika neno la Kiswahili huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yapo maneno machache yanayokiuka kanuni hii, na ukiukaji huo hubeba maana.

(7) a. ba-ra-BA-ra: njia pana ya kupitia magari. "Barabara hii ina mashimo mengi."
    b. ba-RA-ba-ra: sawasawa, vizuri, kabisa. "Alijibu maswali yote barabara."

(8) a. wa-la-KI-ni: kasoro au dosari. "Hoja yake haina walakini."
    b. wa-LA-ki-ni: lakini. "Alisoma kwa bidii, walakini hakulielewa swali la kwanza."

Kiunganishi cha (8b) kinatokana na Kiarabu, na mkazo wake unafuata ule wa "lakini", neno ambalo nalo husisitizwa kwenye "la". Kwa kuwa maandishi ya Kiswahili hayaonyeshi mkazo, msomaji huamua kwa kutazama nafasi ya neno katika sentensi. "Haina walakini" haiwezi kusomwa kama kiunganishi kwa sababu kitenzi "haina" kinahitaji nomino. Msomaji wa habari asiyeichunguza sentensi mapema hujikwaa mahali kama hapo, na msikilizaji hujikwaa pamoja naye.

3.0 Maneno yanayokaribiana kimatamshi

Kundi la pili ni la maneno yanayotofautiana kwa sauti moja au mbili. Wanafunzi huyachanganya kwa sababu mbili. Kwanza, lugha ya kwanza ya mzungumzaji huenda haina mojawapo ya sauti hizo. Lugha ya Gĩkũyũ haina fonimu /l/, na kwa hiyo jozi kama "kalamu" na "karamu", au "mahali" na "mahari", huwa ngumu kwa baadhi ya wazungumzaji wake. Dholuo nayo haina sauti ya "sh", na hivyo "shoka" na "soka" huweza kutamkwa sawa.

(9) a. Aliandika barua kwa kalamu nyekundu.
    b. Karamu ya harusi ilifanyika Jumamosi.

(10) a. Mahali hapa panafaa kujengwa zahanati.
     b. Mahari ililipwa mbele ya wazee wa pande zote mbili.

(11) a. Shoka hili halina mpini.
     b. Soka ni mchezo unaopendwa na vijana wengi.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa kasoro ya mtu wala ya kabila lake. Ni athari ya kawaida ya lugha moja kwa nyingine, na hurekebishwa kwa mazoezi. Mwalimu anayemcheka mwanafunzi humfanya anyamaze, na anayenyamaza hapati nafasi ya kujirekebisha.

Sababu ya pili ni kutojua asili ya neno. Hapa tatizo haliko kwenye ulimi, bali kwenye mzizi. Jozi zifuatazo hutofautiana kwa fonimu moja tu, walakini mizizi yake iko mbalimbali kabisa.

(12) a. Wakilisha: kusema au kutenda kwa niaba ya mwingine. Linatokana na "wakili". "Mwenyekiti aliwawakilisha wanachama katika mkutano wa chuo."
     b. Wasilisha: kufikisha jambo mbele ya watu. Linatokana na "wasili". "Mtafiti aliwasilisha makala yake siku ya pili ya kongamano."

(13) a. Dumisha: kufanya kitu kiendelee kuwapo. Linatokana na "dumu". "Wazee walihimizwa kudumisha amani."
     b. Dunisha: kufanya kitu kionekane hafifu. Linatokana na "duni". "Wapo wanaoidunisha lugha yao wenyewe."

Anayeandika kwamba chama "kinadunisha Kiswahili", akikusudia kukisifu, amekitukana chama hicho kwa herufi moja. Akikumbuka "dumu" na "duni", hawezi kukosea tena.

Maneno mengine ya kundi hili ni haya:

Adimu: -enye kupatikana kwa nadra. "Vitabu vya kale vya fasihi vimekuwa adimu madukani."

Adhimu: -enye utukufu au hadhi kuu. "Walikusanyika kuadhimisha siku hiyo adhimu."

Thamani: ubora au kiasi cha bei ya kitu. "Thamani ya shamba hilo imepanda tangu barabara ilipotiwa lami."

Dhamana: fedha, mali au ahadi inayowekwa ili mshtakiwa aachiliwe akisubiri kesi, au ili mkopo utolewe. "Mshtakiwa aliachiliwa kwa dhamana." Umbo "dhamani", ambalo huonekana katika insha nyingi, limezaliwa na mchanganyiko wa maneno haya mawili.

Tarakimu: alama inayotumiwa kuandika namba. "Mwaka 2019 umeandikwa kwa tarakimu nne."

Takwimu: taarifa zilizokusanywa na kupangwa kwa namba. "Takwimu za sensa ya mwaka 2019 zilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 47."

Jinsi: namna au njia ya kufanya jambo. "Alieleza jinsi mashairi ya arudhi yanavyotungwa."

Jinsia: hali ya kuwa wa kike au wa kiume. "Tasnifu yake inachunguza masuala ya jinsia katika tamthilia."

4.0 Maneno yanayochagua jirani

Yapo maneno ambayo hayakubali kila jirani. Msemaji akiyaoanisha ovyo, sentensi hueleweka, lakini msikilizaji mzoefu hutambua kwamba kuna kilichoharibika.

Mfano bora ni "kucha" na "kutwa". Kitenzi "-cha" kina maana ya kupambazuka. Ndiyo maana husemwa "kumekucha". Kitenzi "-chwa", ambacho pia hutamkwa "-twa", kina maana ya jua kuzama. Kwa hiyo usiku huendelea hadi kuche, na mchana huendelea hadi kutwe.

(14) a. Walinzi walikesha usiku kucha.
     b. Wachuuzi walishinda juani mchana kutwa.
     c. Redio ile hulia kutwa kucha.

Kusema "mchana kucha" ni kudai kwamba mchana uliendelea mpaka alfajiri. Tazama pia kwamba (14a) inatumia "kesha" na (14b) inatumia "shinda". Usiku hukeshwa, mchana hushindwa. Maneno haya yamepangwa kwa jozi, na anayezijua jozi hizo hapati shida ya kuchagua.

Kitenzi "kata" hufuata mkondo kama huo. Maana yake ya msingi ni kutenganisha kitu kwa chombo chenye makali, lakini jirani zake huipeleka mbali.

(15) a. Maji ya dafu yalimkata kiu.
     b. Usikate tamaa kwa sababu ya mtihani mmoja.
     c. Baada ya kushauriana, walikata shauri kurudi kijijini.
     d. Jaji alikata kesi hiyo baada ya kuwasikiliza mashahidi wote.
     e. Aliyeshindwa alikata rufaa.

Katika (15d), "kukata kesi" ni kutoa uamuzi. Shughuli imefika mwisho katika mahakama hiyo. Katika (15e), "kukata rufaa" ni kuomba mahakama ya juu zaidi iutazame upya uamuzi huo. Shughuli inaanza tena. Kitenzi ni kile kile, na maana zinakaribia kupingana. Mfano huu unaelekeza kwenye uwanja ambao usahihi wa maneno una gharama kubwa kuliko mwingine wowote.

5.0 Lugha ya haki

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Kifungu cha 50 kinasema kwamba mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia hadi kinyume kithibitishwe, na kwamba anaweza kupewa mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha inayotumiwa katika kesi.

Kwa Wakenya wengi, lugha hiyo inayoeleweka ni Kiswahili. Kwa hiyo mwandishi wa habari, mkalimani wa mahakama na afisa wa polisi wanahitaji kutofautisha maneno yafuatayo, ambayo aghalabu huchanganywa.

Shuku: kuwa na shaka juu ya mtu. Anayeshukiwa huitwa "mshukiwa". "Polisi wanamshuku kijana huyo, lakini hawajapata ushahidi."

Tuhumu: kumdhania mtu kuwa ametenda kosa na kulitaja kosa hilo. Anayetuhumiwa ni "mtuhumiwa", na jambo lenyewe ni "tuhuma". "Mweka hazina alituhumiwa kuiba fedha za chama."

Shtaki: kupeleka malalamiko rasmi mbele ya mahakama. Anayeshtakiwa ni "mshtakiwa". "Alishtakiwa kwa kosa la wizi, akakana mashtaka."

Hukumu: kutoa uamuzi baada ya kesi kusikilizwa. "Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu baada ya kupatikana na hatia."

Shutumu: kulaumu kwa ukali au kukaripia. Si neno la mahakama. "Wazazi walishutumu tabia ya wanafunzi kuchoma mabweni."

Mahabusu: mtu anayezuiliwa akisubiri kesi yake iamuliwe. Kwa matumizi mengine, ni mahali anapozuiliwa. "Mahabusu hao walipelekwa mahakamani asubuhi."

Mfungwa: mtu anayetumikia kifungo. "Mfungwa huyo alibakiza miezi miwili tu gerezani."

Maneno matano ya kwanza, ukiondoa "shutumu", yanafuatana kama vidato vya ngazi. Mtu hushukiwa, akatuhumiwa, akashtakiwa, na kesi ikisikilizwa akahukumiwa au akaachiliwa huru. Katika kila kidato ana hadhi tofauti kisheria. Hebu zilinganishwe sentensi hizi, ambazo mifano yake si migeni katika taarifa za habari:

(16) a. Polisi wamemkamata mwizi aliyevunja duka.
     b. Polisi wamemkamata mshukiwa wa wizi uliotokea dukani.

Sentensi (16a) imekwisha kumhukumu mtu kabla hakimu hajamwona. Iwapo baadaye mahakama itamwona hana hatia, jirani zake watakuwa wamekwisha kumjua kwa jina la mwizi. Sentensi (16b) inaeleza tukio lile lile bila kuichukua kazi ya mahakama. Kosa jingine ni la kuandika kwamba mtu "alihukumiwa kwa wizi" pale alipofikishwa tu mbele ya hakimu kujibu mashtaka. Msomaji huelewa kwamba kesi imekwisha na hatia imethibitishwa, kumbe haijaanza.

Hata majina ya wanaoamua kesi yana mipaka. "Hakimu" husikiliza kesi katika mahakama za chini, "jaji" katika Mahakama Kuu na zilizo juu yake, na "kadhi" katika mahakama zinazoamua masuala ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Kumwita hakimu "jaji" si kumpa heshima. Ni kumpotosha msomaji kuhusu kesi ilipofikia.

6.0 Maana za kuazima

Kundi la mwisho ni la maneno ya Kiswahili yanayobebeshwa maana za Kiingereza. Maarufu zaidi ni "aidha". Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya "pia" au "zaidi ya hayo". Kwa kuwa matamshi yake yanakaribiana na ya neno moja la Kiingereza linalotumiwa kutoa hiari kati ya mambo mawili, wengi hulitumia kwa maana hiyo.

(17) a. *Aidha uje leo au uje kesho.
     b. Ama uje leo ama uje kesho.
     c. Mgeni alizindua maktaba. Aidha, alitoa vitabu mia mbili.

Sentensi (17a) ina alama ya nyota kwa sababu haikubaliki katika Kiswahili sanifu. (17b) ndiyo inayofaa, na (17c) inaonyesha matumizi halisi ya "aidha".

Kitenzi "pelekea" nacho kimekumbwa na hali kama hiyo. Maana yake ni kupeleka kitu kwa ajili ya mtu au kwa mtu, kama katika "Alimpelekea nyanya yake dawa." Siku hizi hutumiwa kwa maana ya kusababisha: "Mvua kubwa ilipelekea mafuriko." Kiswahili kina vitenzi vinavyotosha kazi hiyo: "Mvua kubwa ilisababisha mafuriko" au "ilileta mafuriko".

Wapo watakaosema kwamba lugha hubadilika na kwamba matumizi ya wengi ndiyo sheria. Hoja hiyo ina ukweli. Maneno mengi yanayokubalika leo yalianza kama mageni. Lakini si kila badiliko lina athari sawa. "Aidha" likipata maana mpya, bado lipo "ama" la kutoa hiari, nayo "pia" na "vilevile" ya kuongeza. Hasara ni ndogo, ingawa mwanafunzi wa Kiswahili anatarajiwa kuliepuka kosa hilo katika maandishi rasmi. Mpaka kati ya "tuhumu" na "hukumu" ukifutika, hakuna neno lingine litakaloziba pengo hilo, na atakayeumia ni mtu ambaye kesi yake haijasikilizwa. Kipimo cha uzito wa kosa basi kiwe hiki: ni tofauti gani inayopotea, na ni nani anayeihitaji?

7.0 Hatua za kuchunguza maana ya neno

Kutokana na uchambuzi huu, mwanafunzi anayekutana na neno linalomtatanisha anaweza kufuata hatua zifuatazo:

(i) Atambue neno ni la aina gani katika sentensi: nomino, kitenzi, kielezi au kiunganishi.

(ii) Ikiwa ni nomino, atazame upatanisho ili ajue ngeli, kama ilivyo katika "paa huyu" na "paa hili".

(iii) Ikiwa ni kitenzi, atazame kama kina kiambishi cha mtendwa, na mtenda ni nani au ni nini.

(iv) Atafute mzizi, kama ilivyo katika "wakili" na "wakilisha".

(v) Aangalie kamusi zaidi ya moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya mwaka 2015 zinaweza kusomwa kwa kulinganishwa.

(vi) Atunge sentensi yake mwenyewe na kuisoma mbele ya mtu anayeimudu lugha. Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo inayoonyesha kama neno limeeleweka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba neno la Kiswahili halisimami peke yake. Ngeli humtofautisha mnyama na paa la nyumba. Kiambishi humtofautisha anayerejea na anayeadibu. Mkazo hutofautisha njia na ukamilifu. Mzizi hutofautisha kudumisha na kudunisha. Na jirani huamua kama kilichokatwa ni kiu au kesi. Imebainika pia kwamba, katika uwanja wa sheria na habari, uzembe wa maana humgusa mtu aliye mbali na darasa la Kiswahili.

Inapendekezwa kwamba walimu wafundishe msamiati kwa sentensi badala ya orodha tupu, na kwamba watahini watunge maswali yanayomtaka mtahiniwa atumie neno badala ya kulifasili tu. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo vinaweza kukusanya sentensi zenye utata kutoka katika magazeti na matangazo ya redio, zikajadiliwa katika mikutano yao ya kila wiki. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, sikio lililo macho, na moyo wa kuuliza, kwani kuuliza si ujinga.